Nozeli Kubwa kwenye Njia ya Singida

Tangu nirudi Niboye, mtaani kwetu Kigali, watu wananisimamisha barabarani na maswali mawili: mama mkwe wangu nimemwacha wapi, na gari lilipatwa na nini. Nimejibu nusu nusu hadi nimechoka, na kila nikijibu najikuta naficha kitu. Kwa hiyo nimekaa nikaandika yote kwa kufuata njia tuliyopita, pamoja na yale yanayonitia aibu. Mambo ya mpakani na makaratasi nimeyaruka, hayo mnayajua.

Gatsata, siku ya kuchagua

Pikapu yangu ni ya dizeli, ya zamani, na mwaka huu ilianza kuamka kwa shida. Asubuhi ilitoa moshi mweupe na kugongagonga, na nikipanda kutoka Nyabugogo na mzigo, mabasi yalinipigia honi mgongoni mpaka natamani kujificha. Fundi wangu Gaspard, mtu aliyekulia Bujumbura na ambaye yuko kwenye gereji za Gatsata miaka mingi, alifungua nozeli akanionyesha. Nozeli ni kile kifaa kidogo kinachopulizia dizeli ndani ya injini. Gari langu linazo nne, na zote zilikuwa zimelika midomo. Badala ya kupuliza dizeli kama ukungu, ziliitema kama mate.

Tulikwenda dukani pamoja. Muuzaji, mtu wa makamo aliyekulia Kampala, alituwekea maboksi mawili juu ya meza. La kwanza lilikuwa na nozeli za saizi ya kiwandani. La pili lilikuwa na nozeli zenye matundu makubwa zaidi.

"Bosi, hizi za pili ni za pawa," aliniambia. "Ukiweka hizi, mlima unakuwa tambarare. Utasahau gia ya kwanza."

Gaspard alizishika, akazigeuza kwenye mwanga, akazirudisha.

"Patron, mi nakwambia tuweke za saizi yake," alisema. "Hii gali iko muzee. Mapafu yake iko ya kizee. Ukiipa chakula mingi, pumuzi itatoa wapi?"

Nilimwelewa vizuri kabisa. Dizeli nyingi inahitaji hewa nyingi, na injini yangu haikuwa na jinsi ya kuvuta hewa zaidi ya ile iliyozoea. Alisema pia kwamba nikizitaka hizo kubwa, pampu ipelekwe kwanza kupimwa na kurekebishwa, na kazi hiyo ingechukua siku kadhaa. Lakini nilikuwa nawaza zile honi. Nikachagua kubwa, nikamwambia azifunge siku hiyo hiyo, na zile za zamani nikamwachia muuzaji. Gaspard alizifunga. Alipomaliza alinawa mikono muda mrefu, na hakunisindikiza hadi nje kama kawaida yake.

Siku nne baadaye tulipata habari za Mzee Leonidas.

Huyu ni kaka pekee wa mama mkwe wangu. Familia ilipoondoka Tanzania kurudi nyumbani Rwanda, yeye alibaki Singida na cherehani yake, akaoa huko, akafiwa na mke huko. Sukari ilikuwa imemharibu mguu wa kushoto. Madaktari walitaka kuukata, wakampangia Alhamisi, naye akakataa kutia saini mpaka amwone dada yake kwanza. Mama mkwe ana nyonga mbovu, hawezi kukaa kwenye basi saa nyingi bila kusimama. Mke wangu akanitazama. Nikasema, "Nitampeleka mimi. Gari ni zima." Na ukweli, moyoni nilifurahi kupata njia ndefu ya kujaribu zile nozeli.

Kigali hadi Rusumo

Tuliondoka Jumatatu kukiwa kumepambazuka. Nyuma tulipakia magunia manne ya viazi na kitanda kipya cha mbao, kifupi kwa miguu, ambacho Mama alikitengenezesha kwa seremala wa Batsinda. Alikuwa amepima mwenyewe kwa kamba: mtu wa mguu mmoja akikaa ukingoni, unyayo uguse chini. Kwa hiyo yeye alikuwa ameshakubali. Aliyekuwa bado hajakubali ni mwenye mguu.

Wengi wenu mnajua ilivyo kukaa na mama mkwe ndani ya kabini ya pikapu. Ukikohoa unaomba radhi. Mama aliweka mkoba wa dagaa kavu wa Tanganyika kati yetu kama ukuta, akashika rozari, akatulia.

Milima ya Rwamagana niliipanda kama ndege. Gari lilikuwa linavuta kwa nguvu ambayo sijawahi kuijua, nami nikawa natabasamu peke yangu. Karibu na Kayonza tulimpita mwendesha baiskeli aliyebeba ndizi. Mama akageuka kutazama nyuma.

"Mukwe wangu," alisema taratibu, "yule mutu umemupaka masizi."

Nikatazama kwenye kioo. Sikumwona mtu, wala baiskeli, wala ndizi. Niliona wingu jeusi tu.

"Ni dizeli ya zamani inajisafisha, Mama," nikamjibu.

Hilo lilikuwa la kwanza kumficha. Kayonza tulikunywa maziwa mgando na mandazi, kisha nikatazama mshale wa mafuta. Tulikuwa tumetumia mafuta ambayo kwa kawaida yangenifikisha mpakani. Nikajiambia ni mzigo.

Rusumo hadi Benaco

Ukivuka daraja la Rusumo unahama upande wa barabara, kutoka kulia kwenda kushoto. Nimekulia Karagwe, hilo nalijua tangu utoto, lakini siku hiyo akili ilikuwa kwenye mshale wa joto na nikabaki kulia. Lori lilipotokea mbele, Mama alinyoosha mkono wake mzima mbele ya uso wangu kuelekea kushoto, bila kupiga kelele. Tulipita salama. Kuanzia hapo aliacha rozari akawa anatazama barabara.

Mlima wa kutoka pale ni mrefu. Mshale wa joto ulipanda hadi nikazima redio, kana kwamba redio ndiyo iliyokuwa inalichosha gari. Benaco tukasimama penye malori. Nilifungua boneti nikachomoa kijiti cha oili, na moyo wangu ukapoa: oili haikuwa imepungua hata kidogo. Tena ilikuwa imezidi alama.

Dereva mmoja wa lori, Mtanzania mnene aliyekuwa anakula chapati, alikuja kuangalia kama madereva wanavyofanya.

"Oili imejaa vizuri," nikamwambia.

"Uliongeza?"

"Hapana."

Akaacha kutafuna. "Sasa kaka, oili inaongezekaje yenyewe?"

Alichukua kijiti, akakinusa, akaninusisha. Ilikuwa harufu ya dizeli. Akanieleza kwamba mafuta yanayoingia ni mengi kuliko yanayoungua, yanayobaki yanateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na oili nyepesi hailindi chuma. "Mimi ningekuwa wewe, ningebadili oili hapa hapa, nitembee pole pole, na Kahama nitafute fundi wa pampu. Usilikimbize."

Nilibadili oili. Lakini kumwambia Mama sikumwambia. Aliponiuliza yule bwana alikuwa anataka nini, nilisema alikuwa anauliza njia ya Kigali. Akanitazama kidogo.

"Dereva wa lori haijui njia ya Kigali?"

Masumbwe

Nilitembea pole pole, kweli. Kila mlima nilishuka gia mapema, nikasikiliza. Ukishaanza kusikiliza injini kwa hofu, unasikia kila kitu: mlango unaolia, kiazi kinachogonga bodi, pumzi yako mwenyewe. Tulipita Nyakanazi, tukapita Ushirombo, nikaanza kuamini tungefika Kahama. Kabla kidogo ya Masumbwe injini ilianza kugonga, si mlio wa asubuhi wa zamani, bali mlio mzito wa chuma. Nguvu zikaisha. Nikaliegesha pembeni, likazima lenyewe, na halikuwaka tena.

Ilikuwa alasiri. Mama mmoja aliyekuwa anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, alituletea viti viwili na bakuli, na karanga pembeni. Alidhani Mama ni mama yangu mzazi, akamsifu kwa kupata mtoto anayemsafirisha. Mama hakumsahihisha. Alikula kidogo, kisha akaniuliza kwa Kiswahili ili yule mwenyeji asione tunamsengenya.

"Gaspard alisema nini juu ya hizi nozeli?"

Sijui aliyajuaje. Nadhani mke wangu alimwambia. Nikamweleza yote: maboksi mawili, maneno ya Gaspard, honi za Nyabugogo, moshi, oili iliyozidi, na yule dereva ambaye hakuwa anauliza njia.

"Kwa hiyo uliambiwa," alisema.

"Niliambiwa, Mama."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Akachukua simu yake ndogo ya vitufe, akampigia kaka yake. Nilimsikia akimwambia kwa Kinyarwanda kwamba tumesimama mahali panaitwa Masumbwe, kwamba gari limeharibika, na kwamba hajui tutafika lini. Hakusema ni kosa la nani. Simu ikakatika katikati, betri yake imeisha. Tulipopata chumba cha kulala, kisicho na umeme, aliniambia tu nimwekee mkoba wa dagaa mahali pasipo na paka.

Kahama

Jumanne nzima iliishia kwenye kutafuta gari la kutuvuta. Lililopatikana lilikuwa la kubeba pamba, na dereva wake alisimama kila kijiji kusalimia watu. Nilikuwa nyuma kwenye usukani wa gari lisilo na uhai, nikitazama kamba ikikaza na kulegea, nikihesabu saa. Daktari alisema Alhamisi. Na kila siku, alivyotueleza Mzee, weusi wa mguu ulikuwa unapanda.

Fundi wa pampu tuliyeelekezwa alikuwa mwanamke, Mama Rehema, mwenye miwani iliyofungwa uzi na mikono safi kuliko ya fundi yeyote niliyemjua. Alisikiliza maelezo yangu, akazifungua nozeli zote nne, akazifunga moja moja kwenye mashine yake ya kupimia, na kuvuta mkono wa pampu ili nione. Dizeli ilitoka nene, kama bomba la mvua.

"Zenyewe si mbovu," alisema. "Ni nzuri tu, kwa injini nyingine. Hii yako, baba, ulitaka iende wapi haraka hivyo?"

Nikamuuliza kama pistoni zimepona.

Bahati yangu ilikuwa kwamba pistoni zilikuwa hazijayeyuka. Alisema ningepanda mlima mmoja zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine. Kisha akaniwekea mbele yangu mambo ya kuchagua. Kulikuwa na nozeli mpya za saizi yangu, zinang'aa, ambazo hakujua zimetengenezwa wapi. Kulikuwa na nne zilizotumika, zimetolewa kwenye pikapu kama yangu iliyogongwa kwa nyuma, nyeusi na mbaya machoni. Au angeweza kupunguza pampu na kuniacha na zile kubwa hadi Singida.

Nilimgeukia Mama bila kufikiri, kama mtoto.

"Usiniangalie mimi," alisema. "Uliza mutu mwenye kujua."

Nikamwomba Mama Rehema azipime zote mbele yangu. Kati ya mpya nne, moja ilipuliza upande mmoja na moja ikadondosha tone baada ya kufungwa. Zile nyeusi zote zilitoa ukungu mwembamba, wa mviringo, zikakata bila kuacha tone. "Wewe ungemwekea baba yako zipi?" nikamuuliza. Akagusa zile nyeusi. Nikasema ziwe hizo.

Kazi iliisha Jumatano asubuhi. Wakati anamalizia kumwaga oili mpya, simu ya Mama iliyokuwa inachajiwa kwenye ukuta wa karakana iliwaka, ikaingiza ujumbe wa kaka yake. Maneno matatu tu: "Mguu ni ejo."

Mnaojua Kinyarwanda mmeshaelewa. Ejo ni jana, na ejo ni kesho. Mtu akisema sentensi nzima unajua anamaanisha ipi, lakini yeye hakuandika sentensi nzima, na ile simu haionyeshi ujumbe umetumwa lini. Kama aliandika leo, alimaanisha kesho, Alhamisi, na tuna nafasi. Kama aliandika jana, kesho yake ndiyo leo. Au walishamkata, na alikuwa anatupa habari. Tulipiga simu yake mara kumi. Ilikuwa imezimwa.

Mama alikaa kwenye tairi kuukuu lililokuwa mlangoni, simu mikononi.

"Tuende," alisema.

Sekenke

Kutoka Kahama hadi Igunga ni tambarare, na kwenye tambarare hofu haina pa kushika, inazunguka tu kichwani. Mama alipiga simu kila tulipopita mnara. Nzega tulinunua mahindi ya kuchoma, hakuna aliyeyamaliza.

Kisha tukafika mlima wa Sekenke. Barabara inapanda kwa kona juu ya kona, na mbele yetu malori yalikuwa yamepangana yakienda mwendo wa mtu anayetembea. Nikaingiza gia ya kwanza, ile niliyoambiwa nitaisahau. Gari likavuta. Moshi haukuonekana. Mshale wa joto ulipanda kidogo, ukasimama. Nyuma yangu basi lilipiga honi, likapiga tena, na nilitambua kwamba nilikuwa nataka kwenda pole pole zaidi.

Katikati ya mlima Mama alianza kuzungumza, macho mbele. Alinisimulia jinsi Leonidas alivyombeba mgongoni akiwa mdogo, siku mbili za kutembea, alipoumia nyonga hiyo hiyo inayomsumbua sasa. Alikuwa na miaka sita, kaka yake kumi na tatu. "Alikuwa anasema hajachoka," alisema. "Mi nilikuwa nasikia moyo yake inapiga hapa kwa kifua yangu. Nilijua anadanganya."

Nikasema, "Tunafika, Mama." Akasema, "Endesha."

Singida

Tuliingia hospitali saa kumi jioni. Muuguzi wa wodi alisikia jina, akatutazama nguo zetu zenye vumbi, akauliza, "Ninyi ndio mliokwama Masumbwe?"

Walimkata asubuhi ile. Aliuandika ujumbe Jumanne, kwa hiyo ejo ilikuwa Jumatano. Muuguzi alisema hakuna aliyemlazimisha. Jumatatu jioni alimwita daktari mwenyewe, akaomba asingoje Alhamisi, na nafasi ya mapema ilikuwa Jumatano. Walikata chini ya goti. Wangesubiri siku moja zaidi, alisema, goti nalo lingekwenda.

Mama aliingia akakaa kando ya kitanda. Mzee Leonidas alikuwa amelala, mdogo kuliko nilivyomdhania, shuka limeinuka upande mmoja tu. Mama hakulia. Alimshika kidole gumba cha mguu uliobaki, akakaa hivyo hadi walipotutoa.

Siku ya tatu Mzee alikuwa ameanza kuketi. Nilikuwa sijalala vizuri tangu Masumbwe, nikaona siwezi kurudi Kigali na jambo lile. Nikavuta kiti karibu, Mama akiwa pale anampa uji wa ulezi kwa kijiko, nikamwambia kila kitu. Nikamwambia kwamba dada yake hakuwa pale alipoingizwa chumba cha upasuaji kwa sababu nilitaka gari la nguvu, na kwamba namwomba msamaha.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kiswahili chake ni cha Singida kabisa.

"Kijana wangu, nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu?" alisema. "Mimi nilikuwa naogopa kisu. Nilitafuta sababu ya kukikwepa, nikaona dada ni sababu nzuri, hakuna daktari atakayeibishia. Mngefika Jumanne, ningetafuta nyingine. Ningesema nataka kuona wajukuu. Ningesema nataka padri kutoka Bujumbura. Halafu akanipigia, akaniambia amekaa kando ya barabara, na nyonga ile, anakula michembe, hajui atafika lini. Simu ilipokatika nikaona aibu. Nikamwita daktari."

Nilimtazama Mama mkwe. Kijiko kilikuwa kimesimama hewani. Alikuwa amesafiri siku tatu, amevutwa kwa kamba, amekaa kwenye tairi la karakana akisoma maneno matatu mpaka macho yakamwuma, na sasa alikuwa anaambiwa alikuwa kisingizio. Nikajiandaa kusimama nitoke.

"Leonidas," alisema.

"Naam, dada."

"Mi nitakaa hapa mwezi mzima. Utakula kila kitu nitapika. Na dagaa utakula."

"Dagaa sipendi, unajua."

"Najua," akasema, akamwekea kijiko kingine mdomoni kabla hajameza kile cha kwanza.